Miezi kumi na sita na kisigino kimoja: niliyoyakosea na yaliyonisaidia

Alfajiri moja ya mwezi wa Februari 2022 niliteremka kitandani ili nikatawadhe, na mguu wangu wa kulia ulipogusa sakafu nilihisi kitu kikali kimenichoma kisiginoni. Nilidhani nimekanyaga mwiba. Nikakaa tena kitandani, nikamwamsha binti yangu, naye akaumulika unyayo kwa tochi ya simu huku mkono wa pili ukishika sindano, tayari kuuchokonoa. Alipapasa ngozi, akabonyeza hapa na pale, mwisho akaniambia, “Mama, hapa hamna kitu.” Nilikwenda kutawadha nikikanyagia vidole tu, mkono ukutani. Kufikia saa mbili asubuhi, nilipofungua saluni, maumivu yalikuwa yamepungua kiasi kwamba nilipoulizwa na binti yangu mchana kuhusu ule mwiba, nilikuwa nimeshausahau.

Ule haukuwa mwiba. Ulikuwa mwanzo wa miezi kumi na sita ya kuumwa kisigino, na kati ya miezi hiyo, minane ya kwanza niliipoteza kwa makosa ambayo naamini mtu mwingine anaweza kuyaepuka. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote, pamoja na fedha nilizozitumia.

Mimi ni msusi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kumi na saba, katika chumba kimoja cha biashara huku Ngamiani, Tanga. Sakafu yangu ni ya marumaru, ambayo niliiweka mwenyewe kwa sababu ni rahisi kufagia nywele na kupiga deki. Mteja wa rasta ndogondogo huchukua saa tano au sita, na saa zote hizo mimi husimama nyuma ya kiti chake. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nne, nilikuwa na kilo themanini na sita, na kwa miaka mingi nilikuwa nikifanya kazi nimevaa ndala, zile nyembamba zilizokwisha kulika upande wa kisigino. Nyumbani nilitembea pekupeku. Sikujua kwamba kila kimoja kati ya vitu hivi kilikuwa na sehemu yake katika ugonjwa uliokuwa unakuja.

Maumivu yale yalikuwa na tabia yake, na laiti ningeielewa mapema ningejua nina nini kabla hata ya kwenda kwa daktari. Yalikuwa makali zaidi katika hatua za mwanzo baada ya kulala. Nikitembea dakika kumi au kumi na tano yalilegea. Nikikaa kula chakula cha mchana, nikinyanyuka yalirudi upya kana kwamba ndiyo kwanza nimeamka. Jioni, baada ya kusimama siku nzima, yalibadilika yakawa maumivu mazito ya kuvuta, yaliyotanda kuelekea katikati ya unyayo. Mimi nilichokizingatia ni kile kipindi cha katikati tu, ambapo yalipungua nikitembea, nikajiambia kwamba kumbe dawa yake ni kutembea. Nikaanza kwenda Raskazone jioni kutembea pekupeku kwenye mchanga wa ufukweni, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba mchanga hukanda miguu. Mchanga laini unadidimia, kisigino kinazama chini kuliko vidole, na unyayo hauna kitu cha kuuegemeza. Baada ya wiki mbili za mazoezi hayo nilikuwa siwezi kukanyaga kabisa asubuhi.

Kisha ulikuja Ramadhani, na baada yake Idi. Msusi yeyote anajua siku kumi za mwisho kabla ya Idi zilivyo: wateja wanapanga foleni hadi usiku, na ndiyo fedha ya ada na kodi ya chumba. Nilisimama saa kumi na nne kwa siku. Tarawehe niliswali nikiwa nimekaa kwenye kiti, jambo ambalo liliniumiza moyo kuliko nilivyoweza kumweleza mtu, kwa sababu pembeni yangu walisimama wanawake wenye umri wa mama yangu. Usiku mmoja nilimkaripia vibaya binti anayenisaidia saluni kwa kosa dogo la kuchanganya rangi za rasta, akalia, nami nikaenda kulia peke yangu stoo. Maumivu yasiyoisha humbadilisha mtu tabia, na walio karibu naye ndio wanaoyabeba.

Katika kipindi hicho nilipokea ushauri wa kila aina, na wote ulitolewa kwa upendo. Mama yangu alinikanda kisigino kwa mafuta ya nazi ya moto yaliyotiwa karafuu. Nililala vizuri, lakini asubuhi hali ilikuwa ileile. Jirani aliniambia ni yuriki asidi, niache nyama nyekundu na maharage. Niliacha kwa miezi mitatu bila kupima damu. Nilipokuja kupimwa baadaye, yuriki yangu ilikuwa ya kawaida. Hili nalisisitiza kwa sababu kwetu kila maumivu ya mguu siku hizi huitwa yuriki. Gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na yuriki ikizidi katika damu, ina dalili zake: kiungo huvimba, huwa chekundu, huwa cha moto, mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu, na humpata mtu kwa ghafla. Kisigino changu hakikuwahi kuvimba wala kuwa chekundu hata siku moja.

Mchuuzi mmoja aliniuzia soli zenye sumaku kwa shilingi 120,000, akiniahidi kwamba sumaku husukuma damu. Kwangu hazikusaidia chochote, na nilikuja kuelezwa baadaye kwamba utafiti uliolinganisha soli zenye sumaku na soli za kawaida kwa wagonjwa wa kisigino haukuona tofauti. Dawa za asili za kupaka na kunywa zilinigharimu kama 60,000.

Kosa lililonitia hatarini zaidi lilikuwa la vidonge. Nilinunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwenye duka la dawa bila kuandikiwa, na kwa kuwa ilinipa nafuu ya saa chache, nikaendelea kuimeza kila siku kwa karibu miezi mitatu. Nilianza kupata kiungulia kikali, kisha maumivu ya tumbo yaliyoniamsha usiku. Dawa za aina hii zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo zikitumika muda mrefu, hasa kwa mtu ambaye tayari ana matatizo hayo. Kwa siku chache, kwa maelekezo ya daktari na baada ya chakula, zina nafasi yake. Mimi nilizitumia ili kesho yake nisimame tena kwa saa kumi nzima, na hilo ndilo lililokuwa likizidisha ugonjwa wenyewe.

Mwezi wa Julai nilikwenda hospitali. Sikuwa na bima, hivyo nililipa 15,000 kumwona daktari na 25,000 za eksirei. Picha ilionyesha kijimfupa kilichochomoza chini ya kisigino, chenye ncha kama mdomo wa ndege, kikielekea mbele. Daktari alinionyesha kwa kalamu, akasema hicho ndicho kinachonichoma, na kwamba kisipotulia huenda siku moja kikahitaji kuchongwa. Nilitoka pale nikiwa na hofu kubwa. Usiku niliiwaza ile ncha, na kila nilipokanyaga niliiona akilini ikichoma nyama.

Nimekuja kujifunza kwamba vijimfupa vya namna ile huonekana pia kwa watu wengi wasioumwa kabisa, na kwamba kuna watu wenye maumivu makali ambao hawana kijimfupa chochote. Wengi hupona, na kijimfupa hubaki palepale kwenye picha. Changu bado kipo. Eksirei ina kazi yake, hasa pale daktari anaposhuku mfupa umepata ufa, lakini picha ile ilinifanya niamini kwamba ndani ya mguu wangu kuna kisu, na kwamba kila hatua ni hatari. Imani hiyo ilinichelewesha, kwa kuwa mtu anayeamini ana kisu mguuni hawezi kukubali kuufanyisha mguu huo mazoezi.

Siku hiyohiyo nilichomwa kisiginoni sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu, kwa shilingi 50,000. Ilikuwa na maumivu makali wakati wa kuchomwa, lakini siku ya tatu niliamka, nikakanyaga, na hapakuwa na kitu. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Kwa wiki tano niliishi kama mtu aliyepona. Nilirudisha wateja wanne kwa siku, nilivaa ndala zangu, nilikwenda sokoni kwa miguu. Hakuna aliyeniambia kwamba nafuu ya sindano mara nyingi hudumu wiki chache tu, na kwamba ndani ya wiki hizo ndipo ningepaswa kuanza kuuimarisha mguu. Mwishoni mwa Agosti maumivu yalirudi, na safari hii yalikuwa makali kuliko mwanzo.

Nilirudi kuomba sindano ya pili. Nilimkuta daktari mwingine, mama wa makamo, ambaye alinisikiliza hadi mwisho kisha akakataa. Alinieleza kwamba sindano zikirudiwarudiwa zinaweza kuyafanya mafuta yanayoukinga mfupa wa kisigino kuwa membamba, na hata kuufanya utando wa unyayo ukatike, na kwamba mtu anayesimama kwa kazi hawezi kucheza na mafuta hayo kwa kuwa ndiyo mto wake wa maisha. Akaniandikia karatasi ya kwenda fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilitoka nimekasirika, nikiona nimenyimwa dawa. Ile karatasi ilikaa mkobani wiki tatu kabla sijaitumia.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea mwezi wa Oktoba alikuwa kijana wa umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia, “Shikamoo mama,” akaniambia nivue viatu vyote viwili, na kwanza akavitazama viatu kabla ya kuitazama miguu. Kisha aliniuliza maswali ambayo sikuwa nimeulizwa popote: kama nahisi ganzi au kuwaka moto unyayoni, kama maumivu huniamsha usiku nikiwa nimelala, kama nimepata homa au nimepungua uzito bila sababu, kama visigino vyote viwili vinauma, kama mgongo hukakamaa asubuhi, kama nina kisukari. Alikiminya kisigino pande zote mbili kwa viganja, akisema angekuwa na shaka ya ufa wa mfupa kama hapo ndipo pangeuma. Hapakuuma. Halafu kwa mkono mmoja alivivuta vidole vyangu kuelekea juu, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili akabonyeza mahali pamoja tu, chini ya kisigino upande wa ndani, pale kinapokaribia kukutana na upinde wa unyayo. Niliruka. “Ni hapa hapa,” akasema, akatabasamu kwa upole.

Ugonjwa huo aliutaja kwa jina la fasaitisi ya unyayo, akanieleza kwa kuchora nyuma ya karatasi yangu. Alichora upinde wa kurushia mishale, ubao wake na ugwe wake. Mifupa ya unyayo, alisema, ndiyo ule ubao uliopinda. Na chini yake kuna utando mnene, mgumu, ulioshikamana na mfupa wa kisigino, ukaenda mbele na kugawanyika kuelekea vidole vyote vitano. Huo ndio ugwe. Kila unapokanyaga, uzito wa mwili unataka kuubapaza upinde, na ugwe unauzuia. Kila unaponyanyua kisigino na vidole kupinda, ugwe unakazwa zaidi. Mtu mwenye uzito mkubwa, anayesimama siku nzima juu ya sakafu ngumu bila kiatu cha kumhimili, na ambaye misuli ya shavu la mguu wake imekakamaa, anauvuta ugwe ule kupita uwezo wake, na mahali unapochoka kwanza ni pale uliposhikamana na kisigino. Usiku unyayo hulala umenyooka kuelekea chini, utando unajikunja na kutulia. Asubuhi hatua ya kwanza inauvuta kwa ghafla. Hapo nikaelewa ule mwiba wa alfajiri.

Alisema pia jambo ambalo lilinigeuza mawazo. Tatizo la utando huu, hasa likishadumu kwa miezi, si uvimbe wa moto wa kuzimwa kwa dawa kwa kiasi watu wanavyodhani. Ni nyuzi zilizochakaa. Nyuzi zilizochakaa haziponi kwa kupumzishwa tu, kwa sababu zikipumzishwa hazipati nguvu, na ukirudi kazini zinachoka tena. Zinapona kwa kubebeshwa mzigo kidogokidogo, mzigo unaoongezwa kadiri zinavyokua imara. “Mama, nakuomba usinihukumu kwa mwezi mmoja,” aliniambia. “Hesabu miezi mitatu ndipo uanze kuuliza.” Aliongeza kwamba wagonjwa walio wengi, karibu wanane au tisa kati ya kumi, hupona bila upasuaji, lakini huwachukua miezi mingi, wengine mwaka.

Mazoezi yenyewe nayaeleza kama nilivyoyafanya, kwa kuwa hayahitaji kifaa cha kununua.

La kwanza hufanyika kabla ya mguu kugusa sakafu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaupandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, nikavishika vidole vyote vitano na kuvivuta kuelekea kwenye ugoko mpaka nikahisi utando umekaza kama kamba chini ya unyayo. Kidole gumba cha mkono mwingine kiliupapasa kuhakikisha kweli umekaza. Nilihesabu hadi kumi, nikaachia, nikarudia mara kumi. Nilifanya hivyo mara tatu kwa siku, na kila mara kabla ya kunyanyuka baada ya kukaa muda mrefu. Mkao huu haukuwa mgeni kwangu: tunapokaa kati ya sijida mbili, vidole vya mguu wa kulia hukunjwa, na ndiyo maana kikao hicho kilikuwa kikiniuma. Nilipoanza kupona nilikuwa naupima utando wangu kwenye sala bila kukusudia.

La pili ni la misuli ya nyuma ya mguu. Nilisimama nikiukabili ukuta, mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino kimebaki chini, nikaegemea mbele kwa sekunde thelathini. Kisha nilirudia na goti limekunjwa kidogo, kwa sababu kuna msuli wa ndani ambao hauvutiki vizuri goti likiwa limenyooka.

La tatu ndilo zito na ndilo ninaloamini liliniponya. Nilisimama kwenye kipandio cha mlango wa saluni, nikaviweka vidole vya mguu juu ya taulo iliyoviringishwa ili vipinde kwenda juu, kisigino kikiwa kinaning’inia. Nilinyanyuka taratibu kwa sekunde tatu, nikabaki juu kwa sekunde mbili, nikashuka kwa sekunde tatu. Mwanzoni nilitumia miguu yote miwili kwa kuwa mmoja haukuweza. Nilipoweza kwa mguu mmoja, nilinyanyuka mara kumi na mbili, nikapumzika, nikarudia hadi mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Baada ya wiki kadhaa nilivaa begi la shule la mwanangu mgongoni lenye kilo mbili za unga, nikaongeza hadi tano, huku nikipunguza idadi ya kunyanyuka na kuongeza mizunguko. Maumivu kidogo wakati wa zoezi aliyaruhusu, mradi asubuhi ya pili yasiwe yamezidi. Yakizidi, nilipunguza mzigo, lakini sikuacha. Siku ya mapumziko nayo niliiheshimu, kwa kuwa nyuzi hujijenga siku hiyo.

Chupa ya maji iliyogandishwa kwenye friji, niliyoiviringisha chini ya unyayo dakika kumi kila jioni, ilinipa nafuu ya kulala. Naitaja kwa ajili hiyo tu, haiponyi. Yule mtaalamu alinifunga pia plasta ya kuuhimili upinde katika wiki mbili za mwanzo, na ilinisaidia kumaliza siku. Alinieleza kwamba kwa wale ambao hawapati nafuu kwa miezi mingi kuna tiba ya mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kisiginoni kwa mashine, na upasuaji huja mwisho kabisa. Sikufika huko.

Viatu ndivyo vilivyokuwa na mabadiliko ya haraka zaidi. Nilikwenda mitumbani nikiwa nimefundishwa namna ya kuchagua. Unakishika kiatu mbele na nyuma na kukikunja: kikikunjika katikati, kirudishe, kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia tu. Unakizungusha kama unakamua nguo: kisikubali kwa urahisi. Unabonyeza ukuta wa nyuma wa kisigino: uwe mgumu. Kisigino kiwe juu kidogo kuliko vidole, na ndani pawe na kivimbe cha kuushika upinde. Nilitazama raba zaidi ya ishirini, nikapata moja kwa 38,000. Nyumbani nilinunua kandambili nene zenye kivimbe cha upinde, nikaziweka kando ya kitanda, na kwa mwaka mzima mguu wangu haukugusa sakafu ukiwa mtupu, hata kwa safari ya kwenda jikoni kuzima jiko. Jambo hili lilionekana dogo kwa watu wa nyumbani. Kwangu hatua ishirini za pekupeku usiku zilitosha kuniharibia asubuhi.

Kazini niliweka mkeka mnene wa mpira nyuma ya kiti cha mteja, kwa 30,000. Kisha nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimelionea haya. Bibi yangu alisuka maisha yake yote akiwa amekaa, anayesukwa akiwa chini kwenye mkeka, kichwa kati ya magoti yake. Saluni ilitufanya tuamini kwamba msusi wa kisasa husimama. Nilinunua kigoda kifupi chenye godoro kwa ajili ya mteja, mimi nikakaa kwenye stuli nyuma yake, na kwa mitindo ya kichwa kizima niligawanya saa: nusu nimekaa, nusu nimesimama. Niliogopa wateja watalalamika. Wawili walihama, wengine walisema wanajihisi kama wanasukwa na mama zao, na wakabaki. Nilipunguza wateja hadi wawili kwa siku katika miezi minne ya mwanzo, na hiyo ndiyo gharama iliyoniuma kuliko zote, kwa sababu kodi ya chumba haikupungua na binti anayenisaidia alihitaji malipo yake.

Uzito niliambiwa bila kufichwa. Kuutoa bila kutembea kulionekana hakuwezekani, ndipo nikakumbuka niko Tanga, mji wa baiskeli. Niliichukua baiskeli ya marehemu kaka yangu, nikaitia tairi, nikawa naendesha kwenda na kurudi kazini, na jioni kuzunguka hadi baharini. Kanyagio nilikanyaga kwa katikati ya unyayo, si kwa vidole. Kisigino hakikudundwa, na kufikia katikati ya mwaka uliofuata nilikuwa na kilo sabini na nane.

Maendeleo hayakwenda kwa mstari. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti yoyote, na nilitaka kuacha. Katika mwezi wa pili zile dakika kumi na tano za kuchechemea asubuhi zilikuwa tano, jambo ambalo nisingelijua kama nisingekuwa naandika ukutani kwa penseli. Nashauri kila mgonjwa aandike, maana anayeumwa husahau alikotoka. Februari 2023 nilipata asubuhi ya kwanza ya kukanyaga bila kufikiri. Mwanzoni mwa Machi, kabla ya Ramadhani, wakati harusi zinapofuatana, nilipamba biharusi wawili kwa siku mbili mfululizo, nikakesha nikiwa nimevaa viatu vya wazi visivyo na soli ya maana kwa sababu raba hazikupendeza na dera. Maumivu yalirudi kwa wiki tatu. Nililia tena, nikidhani yote yamebomoka. Yule kijana aliniambia kwa simu nirudi kwenye mzigo wa wiki ya nne, nisianze upya, na nafuu niliyokuwa nimeipoteza ilirudi upesi. Mwaka huo tarawehe niliswali nusu nimesimama. Kufikia Juni sikuwa na maumivu tena.

Nikipiga hesabu, vidonge vilinichukulia kama 40,000, na pamoja na dawa za asili, soli za sumaku, sindano, eksirei na ada ya daktari nilitumia 310,000 kabla ya kupata nafuu ya kudumu. Fiziotherapia ilikuwa mara sita kwa 15,000, yaani 90,000; ukiongeza raba na mkeka wa mpira ni 158,000. Tofauti hiyo ilikuwa karo ya muhula.

Si kila kisigino kinachouma ni hiki changu, na nisingependa mtu afanye mazoezi yangu akiwa na jambo jingine. Anayehisi ganzi au moto unaosambaa unyayoni, anayeumwa hata akiwa amelala, aliyevimba na kuwa mwekundu, mwenye homa, aliyesikia kitu kikikatika kwa ghafla kisha unyayo ukavilia damu, au kijana anayeumwa visigino vyote viwili pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi, huyo aende hospitali kwanza. Mwenye kisukari asijikande kwa mafuta ya moto wala kujiwekea barafu, kwa kuwa huenda hahisi anavyoungua.

Mwezi uliopita, baada ya wiki yenye wateja wengi, kisigino cha kushoto kilianza kunichoma alfajiri, mahali palepale upande wa ndani. Sikungoja. Nilivivuta vidole kumi kwa kumi kabla ya kuteremka, nikavaa kandambili zangu, na kabla ya kufungua saluni nilikuwa nimesimama kwenye kipandio, taulo chini ya vidole, nikihesabu tatu za kupanda.